Neno la Shemeji Katika Lugha Saba

Shemeji yangu aligundua chimbuko la Wakisii siku ya mvua, akiwa ameketi jikoni kwangu na simu mkononi, akingoja mahindi ya kuchemsha yaive. Ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, mkaguzi wa shule mstaafu, na tangu astaafu hana tena shule za kukagua ila sisi. Anakagua sufuria zangu. Anakagua majani ya chai yangu yalivyochumwa. Anakagua hata sala ya chakula kama imekuwa fupi mno. Siku hiyo aliinua kichwa kwenye simu, macho yamemtoka, akaniuliza kama nilijua kwamba Wajapani husema mono.

"Wajapani husema mambo mengi," nikamwambia.

"Mono! Neno letu! Sasa wewe mwalimu niambie, walilitoa wapi?"

Kwa msomaji ambaye si wa huku: mono kwa Ekegusii ni "sana." Buya ni vizuri, buya mono ni vizuri sana, na mtu akikushukuru kwa moyo wote atakwambia hivyo. Ni neno dogo la kila saa. Hakuna aliyewahi kukaa chini kulifikiria mpaka shemeji aliponunuliwa na binti yake simu yenye intaneti, na tangu siku hiyo hatukupumua.

Nilifundisha Kiswahili shule za upili kwa miaka thelathini, kwanza Nyamira nilikozaliwa, kisha huku Marani nilikoolewa, kwa hiyo najua kidogo jinsi maneno yanavyosafiri. Najua pia yasivyosafiri. Nilimweleza kwa upole, na upole wangu huisha haraka, kwamba mdomo wa binadamu ni mmoja dunia nzima, sauti zake zinahesabika, na hizo za m na n na o ni miongoni mwa zile nyepesi kabisa, hata mtoto wa miezi michache anazijaribu. Ukizungusha sauti chache namna hiyo kwenye maelfu ya lugha, lazima baadhi ya maneno yafanane bila kujuana. Hilo la Wajapani ni "kitu" tu: kikombe, kiti, chochote. Lilizaliwa kwao na limekaa kwao. Shemeji akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama walimu waliochelewa paredi ya asubuhi, akachukua hindi lake, akaenda.

Wiki mbili baadaye alirudi na lugha saba, ya kwetu ikiwa ya kwanza na ile ya Wajapani ya pili.

Kwa Kihispania, alisema, mono ni nyani. Wahispania wenyewe hawajakubaliana walilitoa wapi neno hilo, lakini shemeji alikubaliana peke yake kwa dakika tano. Wahenga wetu walipokuwa wakitoka Misri walikuwa na nyani, Mhispania akauliza ni nini hicho, wakamjibu kwamba ni mjanja mono, naye akashika neno la mwisho akaenda nalo. Kwa Kigiriki ni kipande kinachotangulia maneno kuonyesha kwamba kitu ni kimoja, kiko peke yake. "Mungu mmoja," akasema shemeji, akiinua kidole, "naye ni mkuu sana. Umeona?" Sikuona. Kwa Kifini ni kiatu cha kuvaa mtu anapoteleza juu ya theluji. Nilidhani hapo angalau ataona haya. Wapi! Aliniambia kiatu hicho kinakwenda kasi sana.

Kwa Kikongo ningeweza kumhurumia, maana Kikongo ni jamaa wa mbali wa lugha yetu. Lakini mono ya Wakongo ni "mimi," na kwa ninavyojua haina udugu na yetu hata wa kuombana chumvi. Kisha akaleta Kiesperanto, ambako neno hilo ni "pesa," nami nikacheka mpaka nikashika meza. Lugha hiyo ilitungwa na mtu mmoja akiwa ameketi na kalamu yake, juzi juzi tu ukilinganisha na Misri. Au naye alipitia Misri kuchukua wino?

"Ndiyo maana wanawake hamwandiki historia," akasema shemeji. "Mnacheka mno."

Wazee wetu walituambia tulitoka Misri, na mimi sina ugomvi na wazee. Walisema walichosikia kwa waliowatangulia. Ugomvi wangu ni na msomi mwenye suti anayeichukua hadithi ya wazee na kuibebesha nyani wa Kihispania. Alichapisha kijitabu mjini Kisii, jalada la bluu, picha yake mbele. Aliniletea nakala ya kwanza nirekebishe Kiswahili, akaniagiza nisiguse mambo ya maana. Nikarekebisha Kiswahili. Uongo niliuacha ulivyo, umenyooka kwa sarufi.

Halafu ati kitabu hakitoshi, lazima kuwe na jiwe. Akaenda Tabaka kwa wachongaji, akaagiza bamba kubwa la mawe yale laini meupe, neno limechongwa mara saba, kila moja na jina la lugha chini yake. Lisimamishwe langoni, mtu akiingia nyumbani kwao alisome. Fundi alimuuliza kama ni la kaburi. Shemeji alinisimulia hayo kwa hasira, eti watu wa mikono hawana upeo.

Kilichobaki ilikuwa sauti. Siku ya uzinduzi alitaka mama yake, ambaye amevuka miaka tisini, alifunue jiwe na alitamke neno mbele ya simu ya binti yake, dunia ipate kusikia mono halisi kutoka kinywa kisichojua lugha nyingine. Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kunichekesha, kwa sababu mimi na mama mkwe wangu tulikuwa na yetu juu ya neno hilo hilo.

Hajawahi kuniambia. Tangu nilipoletwa kwenye boma hili nikiwa msichana mwenye cheti cha ualimu na miguu membamba, mama mkwe hajawahi kuniambia buya mono. Wiki ya kwanza nilimpikia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu, nikaichemsha hadi uchungu ukaisha, nikaitia maziwa. Alikula yote. Akafuta mikono akasema, "Buya." Basi. Nikasimama pale na sinia tupu nikingoja neno la pili kama mtu anayengoja chenji dukani. Jirani yangu, ambaye ugali wake ulikuwa na madonge, mama mkwe wake alimwimbia mono mpaka ng'ambo ya mto tukasikia.

Kwa mshahara wangu wa kwanza huku Marani nilimnunulia blanketi zito kwenye duka la Mhindi mjini Kisii, lile lenye maua makubwa mekundu. Alilikunjua, akalipapasa, akalikunja tena akaliweka mapajani. "Buya." Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Nilipomzaa mtoto wa kwanza alimpakata, akamtazama muda mrefu, akasema hivyo hivyo, neno moja, kama karani anayekubali gunia la majani kwenye kituo cha kupimia chai. Nilimlalamikia mume wangu. Akasema mama ndivyo alivyo. Wanaume wa nyumba hii hawajui lolote kuhusu mama yao, isipokuwa kwamba ndivyo alivyo.

Basi nami nikawa nilivyo. Niliacha kumpikia kwa moyo. Nilimpelekea chakula kupitia kwa watoto, kimefunikwa vizuri, hakuna wa kunilaumu. Kwenye chama chetu cha akina mama nilikuwa namwigiza: nanyoosha shingo, nabana midomo, nasema "Buya" kwa sauti kavu, wenzangu wanaangua kicheko wakishika mbavu. Nilisema sifa zake anazipima kwa kijiko cha chumvi. Mume wangu alipofariki tuliketi mkeka mmoja, mimi na yeye, akaniwekea mkono mgongoni kwa siku tatu. Hata hapo nilikuwa nahesabu maneno.

Nisijifiche. Nilitaka aniambie mara moja tu kabla hajafa. Mwanamke mwenye wajukuu, niliyesahihisha insha za watu waliokuja kuwa madaktari, nilikuwa nangoja sifa kama mtoto wa chekechea. Na sasa shemeji, bila kutoa jasho, alikuwa akienda kulipata neno hilo kwa ajili ya simu.

Uzinduzi ulifanywa Jumapili, maana sisi ni Wasabato na Jumamosi haiguswi. Kulikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, na kipaza sauti kilichopiga kelele kila shemeji alipotaja Wagiriki, nacho ndicho kitu pekee pale kilichokuwa na akili. Mchungaji aliomba. Watu walisikiliza kwa subira ya watu walioona sufuria za pilau zikipita. Shemeji aliwaeleza wakulima wa ndizi habari za viatu vya theluji, nao wakaitikia amina. Mbele kwenye mstari wa wazee aliketi shangazi yao, dada wa marehemu baba mkwe wangu, aliyetoka huko alikoolewa karibu na Masimba, mkongojo katikati ya magoti, usingizi ukimchukua na kumrudisha.

Mama mkwe akaletwa langoni, ameshikwa mkono na binti wa shemeji. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akavuta leso iliyolifunika jiwe, likaonekana. Mama anajua kusoma. Alijifunza kwa Biblia ya Ekegusii. Alilitazama jiwe kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akashusha kitambaa chake mpaka kwenye macho, akageuka, akalipa jiwe mgongo. Watu wakacheka, wakidhani ni jua.

"Soma, mama!" shemeji akasema, akamsogezea kipaza sauti. "Sema neno letu!"

"Buya," akasema kwa sauti ndogo.

"Buya nini? Malizia!"

Akabana midomo. Shemeji akawageukia watu, akawapungia mikono kama kiongozi wa kwaya, nao wakaanza kupiga makofi: malizia, malizia. Na mimi nikapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Miaka yote hiyo ilinipanda kooni nikapaza sauti, "Leo utalisema, mama! Kama mimi sikustahili, basi liambie jiwe!" Watu walicheka sana. Walijua ninavyomwigiza.

Mama alinitazama. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka, na nilipoiona nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo mkongojo ukagonga chini. Shangazi alikuwa amesimama, na usingizi wote umemtoka. "Nyamazeni!" akasema. "Nyamazeni, nyinyi watu wa shule! Mnataka amtaje baba? Mbele ya wageni, na kwenye hicho chombo?"

Makofi yakakatika. Hata shemeji alishusha mikono.

"Baba yangu," akasema shangazi, "rika lake lote lilimwita hivyo. Kila kitu kwake kilikuwa hivyo. Mvua imenyesha hivyo, ng'ombe ana maziwa hivyo. Wakamwita kwa neno lake, na alipokuwa mtu mzima hakuna aliyemwita kwa lingine. Huyu aliletwa hapa msichana, akaambiwa hilo ndilo jina la mzee, na mke wa mwana halitaji. Wake wa wana wengine waliacha mwiko huo mzee alipozikwa. Yeye hakuacha. Namjua tangu ana meno yote. Sijalisikia kinywani mwake hata siku moja, wala kwa mtoto, wala kwa Mungu."

Tangu hapa sitaliandika tena. Nimeliandika vya kutosha.

Sisi tuna heshima yetu ya aibu kati ya mkwe na mkwe, chinsoni, na mimi mwenyewe niliishika. Baba mkwe wangu sikumtaja jina hata siku moja, wala sikukanyaga chumba chake cha kulala. Nilidhani hapo ndipo heshima inapoishia. Sikuwaza kwamba kuna mwanamke anayeweza kulitoa neno la kila saa katika lugha yake, akaishi bila hilo maisha mazima, akifurahi bila hilo, akishukuru bila hilo, kwa ajili ya mzee aliyekwisha kuoza kabla mimi sijaolewa. Na nilikuwa nikiishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mwanamke huyo. Nilifundisha watoto wa watu visawe na methali, nikawapa alama.

Shemeji naye, jamani. Ukurasa wa pili wa kijitabu chake una mti wa ukoo, babu yake yupo pale na jina la kuzaliwa na jina la ubatizo. Anajua Wafini wanavaa nini miguuni. Hakujua babu yake aliitwaje kwenye kilima hiki hiki, kwa sababu hakuwahi kumuuliza mwanamke yeyote. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu. Akamgeukia binti yake akauliza kama amerekodi yote. "Huu ni ushahidi mwingine!" akatangaza. "Nitaongeza sura!"

Nilimnyang'anya kipaza sauti. Mke wa mdogo wake, mbele ya mchungaji.

"Shemeji, wewe ni mjinga," nikasema, na chombo hicho kikalipeleka hadi barabarani. "Na mimi ni mjinga kuliko wewe. Watu wapewe chakula."

Kisha nikamshika mama mkono nikamrudisha nyumbani. Hakutaka kupita karibu na jiwe. Tulizunguka kwa njia ya shamba la ndizi, kwenye matope, yeye na viatu vyake vya kanisani. Sahani ya pilau niliyomletea haikuguswa. Kesho yake shemeji aliapa kwamba jiwe limeshikwa na saruji na haling'oki, basi nikalivalisha magunia mawili nikalifunga kwa kamba ya ng'ombe. Alipokuja kulalamika alinikuta nimekaa juu yake. Mpaka leo liko hivyo.

Siku ya tatu ndiyo nilimpelekea mama chai mwenyewe. Sikumtuma mtoto. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anaambua maharagwe, vidole vimepinda lakini havikosei. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, na mimi nikakaa chini kwenye ngazi, chini yake, mahali ambapo sikuwa nimekaa tangu nilipokuwa bibi arusi.

"Buya," akasema.

Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga kichwani, una mwanzo na kati na mwisho. Lakini hasira yangu ni kitu cha ajabu, hata nikikosa mimi inataka mtu mwingine alaumiwe, na kilichonitoka kinywani kilikuwa lawama.

"Mama, mbona hukuniambia? Miaka yote hii, mbona hukunieleza tu?"

Akaweka kikombe chini.

"Ningekuelezaje, mwanangu, bila kulitaja?"

Nikaokota ganda la haragwe lililoanguka. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikatafuta kosa tena. "Basi hata kwa mkono. Hata kwa macho. Ungenionyesha, nisingekaa nikidhani hunipendi."

Mama mkwe wangu alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari mpya kabisa, na machozi yakamjaa.

"Kila mara nilikuwa nikilimalizia moyoni," akasema. "Nilidhani unalisikia."